Kukamia au kucheza kwa raha? Soma kwanza kabla hujaingia ranki

Mdogo wangu kanunua PS4 ya mtumba Kariakoo mwezi uliopita, na swali lake la kwanza wala halikuwa gemu gani aanze nayo, kaniuliza "kaka, niingie ranki au nicheze tu na washkaji?" Ranki ni zile mechi za onlaini za kupanda na kushuka ngazi. Nikamjibu fasta nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi, af usiku nimekaa nikaona lile jibu sikumtendea haki, maana hilo swali mi mwenyewe limenigharimu kama miaka mitatu, hela, na urafiki na mtu mmoja ambao mpaka leo haujakaa sawa. Kwahiyo naandika kwa kirefu, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye swali hilohilo.

Tuelewane maneno kwanza. Kukamia kila mtu Bongo anakujua, timu ya mkiani ikikutana na Simba au Yanga inacheza kama fainali, hiyo ndo kukamia. Kwenye gemu namaanisha unacheza ili ushinde na upo tayari kufanya hata vitu visivyo na utamu, kurudia zoezi moja mara hamsini, kuangalia marudio ya mechi uliyopigwa, kuiacha timu unayoipenda ukashika ile inayofaa. Kucheza kwa raha ni kwamba kucheza kwenyewe ndo utamu, matokeo yakija yamekuja. Ni kama Ndondo, yale mashindano ya mpira wa mitaani, na bonanza la Jumapili asubuhi, wachezaji wanaweza kuwa walewale na viatu vilevile, ila kwenye bonanza ukipaisha penati watu wanacheka mnaenda kula nyama choma, kwenye Ndondo ukipaisha penati mtaa unakuongelea wiki nzima.

Ila kuna kundi la tatu, na kwa ninavyoona mi ndo kubwa kuliko yote mawili. Hawa wanalipa gharama zote za kukamia, hasira, bando, usingizi, kelele na mke, lakini mazoezi hawafanyi, na raha nayo hawaipati. Wanacheza ranki kila siku na miezi sita baadae wako palepale, wanatukana tu. Mi nilikuwa huko. Ulinganisho huu lengo lake ni kukutoa huko uende upande mmoja, wowote utakaouona unakufaa.

Naanza na kufungwa, maana watu wakichagua huwa wanafikiria kushinda, na kufungwa ndo utakutana nako zaidi.

Ranki za onlaini kwenye gemu nyingi mzizi wake ni hesabu za mzee mmoja anaitwa Arpad Elo, mwalimu wa fizikia Marekani mzaliwa wa Hungaria, alizitengeneza kwa ajili ya chesi na shirikisho la chesi duniani FIDE likaanza kuzitumia mwaka 1970. Wazo lenyewe jepesi, kila mtu ana namba, ukimfunga mwenye namba kubwa unapanda sana, ukimfunga mdogo unapanda kiduchu, ukifungwa na mdogo unashuka vibaya. Gemu za sa hivi zimeongezea mambo mengi juu yake ila lengo ni lilelile, kukukutanisha na mtu wa kiwango chako. Sasa fikiria maana yake. Mtu wa kiwango chako ni yule ambaye kumfunga au kukufunga ni nusu kwa nusu. Yani sistimu ikifanya kazi yake vizuri kabisa, utafungwa karibu nusu ya mechi zako, ukipanda kiwango unapelekwa kwa wakali zaidi, unafungwa tena nusu, na haina mwisho hiyo.

Kwa mtu wa kukamia hiyo ni habari njema, kila siku kuna mtu wa kumfundisha kitu. Kwa mtu aliyetoka kazini Posta, kasimama kwenye foleni ya Morogoro Road saa nzima na zaidi, kafika Kimara anataka kichwa kipoe kidogo kabla ya kulala, hiyo ni adhabu anajilipia mwenyewe. Kwenye banda la gemu la mtaani au kwenye sofa haiko hivyo, wakali wanajulikana na wachovu wanajulikana, mkali akishika padi watu wanakaa kumtazama, mchovu akimfunga mkali goli moja tu kibanda kizima kinalipuka na hiyo stori inaishi mwezi. Hilo goli moja ranki haiwezi kukupa, maana kule hakuna anayekujua kwamba we ni mchovu.

Na kwenye simu kuna mtego mwingine ntausema haraka. PUBG Mobile ukianza, ranki za chini zimejaa boti, yani wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta, unaua watu kumi na tano unajiona umezaliwa nacho kipaji, kumbe wengi wao wala sio watu. Ukipanda boti wanapungua, unaanza kukutana na binadamu, unakufa dakika ya pili tu baada ya kutua. Watu wengi hapo wanadhani wameshuka kiwango au simu yao mbovu, wananunua simu nyingine. Hujashuka, ndo kwanza umefika mlangoni.

Sasa niseme ya kwangu. Nina rafiki tangu darasa la tatu, anakaa Tabata, na kila Ijumaa nilikuwa naenda kwake tunacheza FIFA, gemu ya mpira, mpaka saa sita usiku. Yeye ni mtu wa Arsenal, iwe nzuri iwe mbovu anachukua Arsenal, anataka kupiga kanzu, anataka tobo, akikupiga tobo anasimamisha gemu muangalie marudio wote. Mi kipindi hicho nikawa nimeingia Weekend League, mashindano ya onlaini ya FIFA. Kwa wasioijua, ilipoanza kwenye FIFA 17 ilikuwa mechi 40 za wikendi moja, baadae wakapunguza zikawa 30, zikaja 20, kwenye FC 25 (FIFA ilibadilishwa jina ikawa FC) zikawa 15. Piga hesabu, mechi moja na vituo vyake ni kama robo saa, mechi 40 ni masaa kumi ya wikendi yako. Kule nikajifunza goli moja, unakimbiza winga mpaka mstari wa mwisho, unarudisha pasi chini nyuma kwa mtu anayekuja, goli. Haina uzuri wowote ila inaingia. Nikaanza kumpigia rafiki yangu goli hilohilo, sita, saba, Ijumaa mpaka Ijumaa, akisimamisha kuangalia tobo lake mi nabonyeza kuendelea, nimenuna. Siku moja akaweka padi chini taratibu, akaniambia "mwanangu, sa hivi ukija hapa sioni kama umekuja kunitembelea." Hakugomba. Tulikula, nikaondoka, na Ijumaa iliyofuata sikwenda.

Nimeifikiria sana ile kauli. Yeye hakukosea kucheza vile na mi kutaka kushinda haikuwa kosa, tatizo hatukuwahi kuambizana tunacheza nini. Angalia wazee kwenye bao, ubao mmoja wenye mashimo 32 na kete 64, kijiwe kimoja, lakini kuna saa ya mafundi ambapo hakuna anayeongea na mtu akigusa kete anaiangalia mpaka mwisho wa mzunguko, na kuna saa ya stori, kete zinasambazwa huku mtu anasimulia mambo ya mirathi. Mzee akikaa anajua kakaa saa ipi. Nimewahi kumuona babu mmoja Magomeni, fundi kabisa, anacheza na kijana anayejifunza na anamwambia "hapo fikiri tena." Saa mbili baadae kakaa na fundi mwenzie, hata salamu ya shikamoo kaijibu kwa kidole. Mtu yuleyule.

Kwahiyo hili sio suala la tabia yako ilivyo, ni suala la umekaa kwenye kiti gani leo na aliyekaa mbele yako anajua au hajui.

Haya, tuje kwenye mazoezi, maana hapa ndo tofauti yenyewe ilipo. Chukua Tekken, gemu ya kupigana. Waliokulia kwenye mabanda ya PS1 wanamkumbuka Eddy wa Tekken 3, unamchukua Eddy unabonyeza miguu hovyo anazunguka kama feni, mtu mzima anapigwa na mtoto wa darasa la pili, kelele mpaka mama ntilie wa jirani anakuja kuchungulia. Ile ilikuwa raha kamili na sikubali mtu aniambie ilikuwa ni kutojua kucheza, raha ilikuwa palepale kwenye kutojua.

Sasa huohuo mchezo ukiukamia unageuka kitu kingine. Picha kwenye skrini zinapita 60 kwa sekunde moja, ngumi ya haraka ya wahusika wengi inachukua picha 10 kufika, yani sehemu moja ya sita ya sekunde. Mtu wa kukamia anajua kwamba mwenzie akikosea pigo fulani anabaki wazi kwa picha ngapi, na anajua ni pigo gani lake linaingia kwenye huo mwanya. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, kwenye sehemu ya mazoezi inakuonyesha hizo namba kabisa, unakaa jioni nzima na mdoli asiyejibu unarudia adhabu moja mpaka kidole kiwe kinajua chenyewe. Kuna watu hiyo jioni kwao ni tamu. Mi ni mmoja wao, nilikuja kugundua nimechelewa, kwenye mpira sikuwa na huo uvumilivu ila kwenye Tekken ninao. Kama ukisoma hii aya umechoka katikati, usiingie ranki ya gemu za kupigana, kweli kabisa, utateseka bure.

Na ntakuambia kwanini kukamia kuna maana hata kwa mtu wa Dar. Mwaka 2019 kuna jamaa wa Lahore, Pakistani, anaitwa Arslan Ash, alienda EVO Japan, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, mwezi wa pili, safari yenye shida ya viza na kuchoka njiani, akachukua Tekken 7. Wakati huo mabingwa wanaoangaliwa walikuwa wa Japani na Korea, Pakistani hakuna aliyekuwa anaihesabu. Mwezi wa nane mwaka huohuo akaenda EVO kubwa ya Las Vegas akachukua tena. Akawaambia watu kwamba nyumbani kwao kuna wakali wengine wengi wa namna yake. Yani walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe mitaani kwao miaka yote hiyo, ana kwa ana, na dunia haijui. Mi hiyo stori inanigusa sana kila nikiingia kwenye banda lenye joto nikakuta vijana nane wamegombania padi mbili. Kukamia kunahitaji watu watano wanaokupiga na wako tayari kukuambia wanakupigaje, na hao Sinza wapo, Mbagala wapo, Gongo la Mboto wapo.

Maana onlaini yetu ina kodi yake. Seva za gemu nyingi ziko mbali, ukiwa na ping (mda wa ujumbe kwenda seva na kurudi) ya milisekunde 150 ni kwamba unachobonyeza kinachelewa kama picha 9, sasa rudi kwenye ile ngumi ya picha 10 uone imebaki nini. Mwenzako aliye karibu na seva anacheza gemu, we unacheza barua. Mei 12, 2024 kebo mbili za chini ya bahari zilipokatika, intaneti nchini ikawa ya kuchechemea, watu wa ranki walikaa wanaangalia kiduara kinazunguka, bandani siku hiyo kulijaa mpaka nje. Umeme nao, ukikatika katikati ya mechi ya ranki unahesabiwa umekimbia, umefungwa, hakuna wa kumuelezea. Kwahiyo kama unakamia na uko Dar, ushauri wangu ni anza na ana kwa ana, onlaini iwe ya kuongezea. Kama unacheza kwa raha hayo yote hayakuhusu sana, umeme ukikatika mnahamia barazani stori zinaendelea.

Hela. Kucheza kwa raha ni rahisi kwelikweli na nadhani watu hawajui kiasi gani. PES ya zamani ya mpira kwenye simu kwa PPSSPP, app ya kuchezea gemu za PSP, Dream League unaweka jezi za Simba au Yanga mnachezea na jirani, GTA San Andreas ya 2004 mpaka leo watu wanaizungukia tu mtaani bila kufanya misheni hata moja na wanafurahi. Gemu haizeeki kwa mtu wa raha. Mtu wa kukamia hana hiyo bahati kwenye mpira, kila mwezi wa tisa inatoka FC mpya, wenzako wanahama na we uhame, timu uliyoijenga mwaka mzima inabaki kule. Kwenye PS4 ukitaka kucheza na watu onlaini gemu nyingi za kulipia zinataka PS Plus, hela ya kila mwezi, ingawa za bure kama eFootball hazihitaji. Weka padi, analogi (kile kijiti cha kidole gumba) ikianza kujisogeza yenyewe kwa raha unavumilia, kwa ranki huvumilii hata siku moja. Weka TV, nyingi zina hali ya gemu kwenye mipangilio, iwashe hata leo, ni bure na inapunguza kuchelewa.

Paki, yale mafurushi ya wachezaji wa bahati nasibu ndani ya gemu, usinunue. Ubelgiji waliona ni kamari, EA, wenye gemu hiyo, ikaacha kuuza FIFA Points, zile pointi za kununulia paki, kule Januari 2019. Mtu akikuambia anakamia halaf kila mwisho wa mwezi anafungua paki, huyo yuko kundi la tatu.

Na kuwekeana buku bandani je? Hili naomba mnisikilize vizuri maana nimeliona kwa macho. Mwaka 1971 mtafiti anaitwa Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo fumbo la vipande vya kupanga, wengine akawalipa dola moja kwa kila fumbo wakilifungua, wengine hakuwalipa. Malipo yalipoondolewa, wale waliokuwa wamelipwa wakapoteza hamu, mda wa mapumziko hawakuligusa sana tena. Kwenye banda letu tulianza kuwekeana buku kwa utani tu, mshindi anachukua, na baada ya miezi kama miwili nikashangaa hakuna mtu anataka kucheza bila buku, ukimwambia mtu "tucheze basi" anakuuliza "ya ngapi?" Tulipoacha, kwa sababu kulitokea ugomvi, kibanda kilikuwa kimya wiki tatu. Kulipia kiingilio cha mtoano na zawadi ikajulikana, hiyo sina shida nayo, inatokea mara moja kwa mda na kila mtu kajiandaa. Ila buku za kila siku zinaua bonanza na wala hazitengenezi Ndondo.

Sasa unajuaje we ni wa wapi? Mi nilijipima kwa kitu kimoja tu, dakika ile ile baada ya kufungwa unataka nini. Ukitaka kuona umefungwaje, unarudisha nyuma unaangalia beki wako alikuwa wapi, we ni wa kukamia hata kama sa hivi hujui kitu, kiwango kitakuja. Ukitaka kucheka, kumpa padi mwenzio ukaenda kununua soda, we ni wa raha na usikubali mtu akuite mchovu. Ukitaka mechi nyingine sasa hivi, hapohapo, kulipiza, bila kuangalia chochote, saa saba usiku na kesho kazini, hapo simama, zima. Sio kwamba we ni mbaya, ila hapo hakuna unachopata. Jipime kwa wiki mbili tatu, usijipime siku moja, na jipime gemu kwa gemu maana mi kwenye Tekken naangalia marudio na kwenye mpira nilikuwa nalipiza, na ndo maana ranki za mpira nimeziacha kabisa.

Kwa wenye watoto nyumbani, mpwa wangu ana miaka tisa, tukicheza simuachii ashinde, ananijua mara moja anasema "anko unanidanganya." Nachokifanya nachukua timu dhaifu kabisa yeye anachukua Madrid, nacheza kweli, tunafungana 3-2, 4-3, na yeye akinifunga anajua kanifunga. Hiyo ni raha na ndani yake kuna ushindani wa haki, na imenifundisha kwamba ukibadilisha masharti kabla ya mechi unaweza kumpa kila mtu anachokitaka.

Kwahiyo mdogo wangu, jibu lako. Usiingie ranki sa hivi. Una mashine mpya, una washkaji wanne mtaa mmoja, cheza nao, chukua ile ya kuwa kocha uipandishe timu ndogo, zunguka San Andreas. Ukijikuta baada ya miezi mitatu unalala unafikiria goli ulilofungwa, na unafikiria bila hasira, unataka tu kulielewa, njoo Sinza Jumanne au Alhamisi, tuko wanne tunapiga Tekken kwa kukamia hasa, simu tunaweka kwenye kapu na ukifungwa unaelezwa umefungwaje. Usije na mtu anayetaka kupiga stori, hiyo siku siyo yake.

Ijumaa mi sitakuwepo. Juzi baada ya kuanza kuandika hii nikamtumia meseji yule rafiki yangu wa Tabata, nikamuomba niende, nikamwambia achukue Arsenal yake na mi ntachukua timu yoyote atakayonichagulia, na akinipiga tobo tutaangalia marudio mara ngapi anataka. Kakaa nayo siku nzima bila kujibu. Jana usiku kanijibu, "njoo, mama kasema anapika pilau."